Dakika Nne za Mkono wa Kushoto

Mama Neema alinipigia simu siku ya tatu baada ya mazishi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya miaka yote, ya mtu anayechagua nyanya na hataki zilizobonyea. "Perusi mwanangu, watu bado wamejaa hapa Ihumwa, na kila mmoja anamtaja Baba Neema na gitaa lake. Niletee ile video yake. Ile anayoonekana vizuri." Nikamwambia nitaleta, nikampa pole tena, nikafungua kabati. Kanda zilikuwa mbili. Nikazihesabu tena, zikawa mbili, maana katika kazi yangu anayehesabu mara moja anabahatisha. Zote nilizipiga mimi, mwaka mmoja, na tangu hapo nimekuwa nikizihamisha, kutoka kanda kwenda sidii, kutoka sidii kwenda flashi, kama mfugaji anayehamisha mbuzi kila maji yanapokauka. Kwa hiyo nilijua kilichomo kuliko mtu yeyote aliye hai, ila labda mmoja. Nilijua kwamba huyo Baba Neema, Mzee Amosi, aliyepiga roki katika mji huu tangu enzi za suruali za pekosi zenye miguu mipana, haonekani vizuri katika kanda hata moja. Hilo si jambo la kumwambia mfiwa kwenye simu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba na chumba kimoja Miyuji. Kilikuwa na kitanda, meza, televisheni yenye mgongo, deki mbili, na dirisha lililotazama jiko la mwenye nyumba, kwa hiyo nilihariri harusi za watu zilizojaa pilau huku navuta harufu ya mlenda. Wapiga video mjini walikuwa kumi na mmoja, wote wanaume, na kwenye kicheni pati mwanaume havuki mlango. Nililiona pengo hilo, nikaazima kamera, nikaingia. Somo la kwanza nililopewa na akina mama ni kwamba mgeni hatafuti kanda ili amwone bibi harusi. Bibi harusi anamjua. Anataka ajione yeye, na kitenge chake kipya, na alivyocheza akienda kutunza. Usipompitia mezani, hatakuita kwenye shughuli ya binti yake. Ndiyo maana wapiga video wa shughuli tuna desturi yetu: kigelegele kikipanda, kamera inamwacha mwenye shughuli na kugeukia meza, moja baada ya nyingine, kushoto kwenda kulia, bila kumruka mtu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi hadi sikuhitaji tena kufikiri. Kigelegele kinalia, bega linageuka lenyewe.

Mzee Amosi alikuja asubuhi moja, kofia mkononi, suruali ina mkunjo wa pasi ya mkaa. Nilimjua, kama kila mtu alivyomjua. Jumapili alasiri alipiga bugi, lile dansi la mchana, pale Klabu ya Mizabibu, yeye na vijana wake wawili, mpiga besi ambaye siku za kazi alikuwa fundi viatu na mpiga ngoma ambaye siku za kazi sikuwahi kujua anafanya nini. Hapo mlangoni alionekana mdogo kuliko jukwaani. Nikamwamkia, akaitikia, akakitazama kile kitanda, akaamua kusimama.

"Wewe ndiye unayepiga harusi?"

"Napiga harusi, kicheni pati, ubarikio na kipaimara, mzee. Misiba nina bei ya huruma."

"Mkono unapiga?"

"Mkono wa nani?"

Akaunyoosha wake wa kushoto juu ya meza yangu, kati ya deki mbili, kama mtu anayeweka bidhaa sokoni. "Huu. Sura yangu achana nayo. Sura watu wanaijua, na asiyeijua hajapoteza kitu." Kidole chake kidogo kilikuwa kimejikunja nusu, na hata alipokivuta kwa mkono mwingine kilirudi pale pale. "Hiki kimeanza mgomo, na hiki cha jirani kinakiunga mkono. Daktari ameniambia nisimwulize tena." Kisha akanieleza shida yake, na alieleza vizuri, bila kujihurumia. Katikati ya wimbo wake mmoja, ule watu waliouita wa treni, kulikuwa na dakika nne za gitaa peke yake ambazo hakuna mwingine aliyeweza kuzipiga. Vijana walizisikiliza wakadhani ni nyuzi mbili zinajibizana. Ilikuwa ni uzi mmoja. Dole gumba lilipita juu ya shingo ya gitaa likaukamata kwa upande wa pili, vidole vikarudi kinyumenyume. Kwa masikio tu mtu hawezi kuliona hilo. Na kidole kikimaliza mgomo wake, wimbo umekwenda.

"Basi kaa hapo kitandani upige taratibu," nikamwambia. "Mwanga mzuri, na nusu ya bei."

"Nikienda taratibu mkono unasahau. Huu unajua kukimbia tu. Tena unataka watu mbele yake."

"Dakika nne za saa, au za wanamuziki?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. Tukavutana kuhusu bei mpaka chai ikapoa, na nakiri kwamba ni mmoja wa wateja wachache walionishinda, kwa sababu kila nilipotaja bei alikitazama kidole chake. Alipofika mlangoni akageuka. "Mkono, binti. Mengine yote ni kelele."

Klabu ya Mizabibu ilikuwa paa la bati juu ya nguzo nne, upande mmoja ukuta, upande mwingine upepo. Bugi lilianza saa tisa alasiri na kumalizika jua likiwa bado lipo, kwa sababu wateja wengi wa bugi walishakuwa babu na bibi, na waliwahi majumbani. Nilifika mapema nikahesabu viti: sitini na viwili. Wakati mpiga besi akifunga nyaya nilihesabu tena, vikawa sitini na vitatu. Mzee mmoja aliyevaa baraghashia alikuwa amejivutia kiti kutoka jikoni, akakiweka nyuma ya nguzo ya mbali, akakaa na chupa ya soda. Nilimwona kama hesabu tu. Hewa ilijaa moshi wa mishikaki na vumbi la Agosti, na mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na spika alikuwa anamwambia mwenzake, "Mimi nimekuja kucheza ule wa treni tu, halafu naenda kukoroga uji."

Nimepiga wanamuziki wengi tangu siku ile, na baadhi yao hurukaruka kama wamekanyaga kaa la moto. Mzee Amosi hakurukaruka. Alisimama kama mtu aliyepanga foleni zahanati, macho ameyafumba, kofia imeshuka, na kila kilichotokea kilitokea chini ya kiwiko. Nilikuwa nimepiga goti mbele ya jukwaa, lenzi imeubana ule mkono wa kushoto kiasi cha kuona kovu kwenye dole gumba. Kwa saa nzima sikuuacha. Ulipofika ule wa treni, mpiga ngoma akaanza mwendo wa magurudumu, besi ikaingia chini yake, na gitaa likaanza kupanda kilima. Lilipanda likihema. Kisha wenzake wakanyamaza, akabaki peke yake, na nikasikia kile alichokieleza juu ya meza yangu: watu wawili wanagombania neno moja, huyu analikata, yule analimalizia, hakuna anayekubali kushindwa, na wote wawili walikuwa yeye. Nikawaza, hii kazi nimeiuza rahisi. Na hapo hapo yule mama wa uji akasimama, akaweka kiganja kinywani, akapiga kigelegele kirefu, na wanawake wote wa klabu wakampokea.

Niligundua kosa langu wimbo ulipokwisha na lenzi ikawa inatazama sahani iliyobaki mshikaki mmoja. Nilikuwa nimezipitia meza zote. Kushoto kwenda kulia, bila kumruka mtu.

Siku tatu zilizofuata nilitengeneza uongo. Nilikuwa nao wa aina tatu: kanda imeliwa na deki, betri ilikufa, na wa tatu siutaji kwa sababu bado nautumia. Alikuja Jumatano saa nne asubuhi, na zabibu zimefungwa kwenye gazeti, akaomba maji akanawa mikono kama anakwenda kula. Kisha akatoa miwani mfukoni. Haikuwa yake, ilikuwa ya kike, yenye kamba. "Nimeazima kanisani," akasema, "nitaiona hadi michirizi ya vidole." Uongo wote watatu ukanikimbia.

"Mzee, kabla sijawasha. Nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Walipopiga vigelegele niligeuka."

"Ukageukia wapi?"

"Mezani."

Jikoni mwenye nyumba alikuwa anatwanga kitu. "Kwa nini mezani?" akauliza Mzee Amosi.

"Ndiyo desturi yetu kwenye shughuli. Kigelegele kikilia tunawageukia wageni."

"Mimi nilikuwa naoa?"

"Hapana, mzee."

"Basi washa."

Tukatazama. Mkono ulionekana vizuri kwa nyimbo sita, nyimbo ambazo hata fundi viatu angeweza kuzipiga. Ukaja ule wa treni, mkono ukaanza kupanda, dole gumba likajiandaa, na picha ikamwacha, ikaenda kwa mama wa uji. Gitaa liliendelea kulia juu ya nyuso za watu. Kuna babu aliyetafuna huku analia bila kujua. Kuna wawili walioshikana mikono ambao, nilivyojua mimi, hawakupaswa kushikana. Nilimtazama Mzee Amosi kwa pembeni, nikingoja. Alikuwa ameegemea mbele, miwani ya kike imeshuka puani. Lenzi ikafika nguzo ya mwisho, ikampata yule mzee wa baraghashia, ikapumzika hapo kidogo, maana nilikuwa nimefika mwisho wa meza na sikuwa na haraka.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Yule mzee alikuwa ameishika shingo ya chupa ya soda kwa mkono wa kushoto. Dole gumba lake lilikuwa limepita juu, upande wa pili, na vidole vinarudi kinyumenyume. Havikufuata gitaa, vilikwenda pamoja nalo, na mahali pawili vilitangulia.

"Rudisha tena."

Nilirudisha mara sita. Mara ya saba nikauliza, "Ni nani huyu, mzee?"

"Mwenye wimbo," akasema.

Zabibu tulizila zikaisha wakati ananisimulia. Anaitwa Swalehe, Mrangi wa Kondoa. Walipiga gitaa pamoja ujanani, wakila sahani moja na kulala chumba kimoja, na zile dakika nne alizibuni Swalehe kwenye kizingiti cha mlango, mchana, wakingoja maharage yaive. Amosi alizijua kwa sababu alikaa mbele yake akitazama. Kisha bendi ikaitwa redioni kurekodi. Swalehe siku hiyo alikuwa na homa, Amosi akazipiga yeye. Mtangazaji akasema hewani kwamba wimbo huu umetungwa na Amosi, kila kipande.

"Nilitakiwa kusema," akaniambia. "Kipaza sauti kilikuwa hapa, mbele ya mdomo. Nikakohoa. Nikasema nitamweleza mtangazaji tukitoka. Tulipotoka watu walinibeba." Swalehe alisikiliza redio kitandani. Aliuza gitaa lake, akarudi Kondoa kulima vitunguu, na tangu hapo hawakuwahi kusalimiana. "Sikujua alikuja Jumapili. Mimi nikipiga nafumba macho."

"Ni miaka mingapi?"

"Usihesabu. Nimeshahesabu."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na matusi ningeyaweza. Lakini aliivua ile miwani, akaikunja kamba yake polepole, akaniuliza kama Jumamosi nina shughuli. Nilikuwa na kicheni pati mbili. Nilizirudisha kwa wenyewe, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena, na alfajiri ya Jumamosi tukapanda basi la Kondoa, yeye, gitaa, kamera na mimi. Njiani alinunua pakiti ya majani ya chai na sukari, akairudisha sukari, akainunua tena. Nikajua anaogopa.

Swalehe alikuwa uani akichambua vitunguu. Aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye vitunguu.

"Amosi. Nilisikia umekufa, ndiyo maana Jumapili nilikuja kuhakikisha."

"Hata mimi nilisikia hivyo. Nimekuja kuuliza."

"Na huyo?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Huyu mtu amekuhonga nini mpaka ukaja naye?"

"Zabibu, mzee."

"Alitupunja hata enzi zile." Akapiga kelele kuelekea jikoni kwamba kuna wageni wawili, mmoja wa heshima. Tukaletewa ugali na kuku wa kienyeji, na watu hao wawili wakala sahani moja bila kuangaliana, mikono yao ikikwepana kwenye mchuzi kwa mazoea ya zamani. Baada ya kunawa Amosi akafungua mdomo, na Swalehe akamzuia kwa kidole. "Usiseme hapa kwa kuku. Redioni ulisikika na nchi nzima. Huyu binti ana mashine. Washa mashine, ndipo useme."

Hapo ndipo nilipotoa kamera. Mzee Amosi akaniinamia. "Safari hii, hata mbingu ikianguka."

"Mkono," nikasema. "Nimeelewa."

Gitaa lilikuwa moja. Kidole cha Amosi kilikuwa kimeshindwa kabisa wiki ile. Kwenye klabu ilikuwa mara yake ya mwisho, na hakuniambia mpaka tulipokuwa kwenye basi. Swalehe alikuwa na vidole, lakini mkono wake wa kulia ulishavunjwa na punda, haukuweza kuchapa. Wakakaa kwenye benchi moja, gitaa limelala juu ya mapaja ya wote wawili, Swalehe ameshika shingo, Amosi ameweka mkono wa kulia kwenye nyuzi. Walijaribu mara tatu, ikawa kama watu wanaobeba kabati kwenye ngazi. "Unanichelewesha, Mgogo." "Wewe ndiye unayenikimbia, kitunguu." Adhana ya adhuhuri ikaita, Swalehe akainuka kwenda kuswali, na Amosi akabaki ameliegemea gitaa, hakuligusa. Aliporudi, ndevu zikiwa bado na maji ya udhu, alikaa na kuweka dole gumba mahali pake. Mara ya nne ikakubali. Treni ilipanda kilima chote, dakika nne za saa, na wanawake wa jirani waliokuwa wamekusanyika uani wakapiga vigelegele kunizunguka pande zote. Bega langu likaanza kugeuka. Nikalibana kwenye mbavu kwa mkono mwingine, nikabaki pale pale.

Jumapili iliyofuata, Klabu ya Mizabibu, kabla ya wimbo wa kwanza, Mzee Amosi alivua kofia na kuwaambia watu wa viti sitini na viwili wimbo ni wa nani. Wengine walinung'unika, maana mtu hapendi kuambiwa kwamba miaka yote amempigia makofi asiye mwenyewe. Alingoja wamalize. Baada ya hapo aliendelea kuimba na kuchapa mpaka uzee ulipomkataza, na zile dakika nne akawaachia vijana waliojifunza kwenye kanda yangu ya pili. Ninaowajua ni watatu. Nimekutana na wakubwa wengi tangu serikali ihamie huku, wengine nimewapiga picha wakikata utepe. Bado namweka yeye mbele.

Ihumwa nilikuta turubai, mabenchi, na televisheni pana imetolewa sebuleni. Mzee Swalehe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti, ameletwa na mwanawe kutoka Kondoa. Nikawasha kanda ya kwanza. Watu walicheka walivyojiona wembamba, wakataja majina ya waliokwisha kutangulia, mama wa uji akashangiliwa. Mama Neema alingoja. "Kofia yake hiyo," akasema mara moja. Baadaye akasema tena. Nilijua kofia inaonekana mara mbili tu, na kwamba haitatokea ya tatu. Nikaweka kanda ya pili. Ikajaa mikono: wa Swalehe kwenye shingo ya gitaa, na kwa pembeni kidogo vidole vya Amosi kwenye nyuzi. Uso wake haumo. Wala uso wa yule mwingine. Watu wawili walikutana baada ya maisha mazima, na mimi nilikuwa hatua mbili mbele yao, na sina nyuso zao, kwa sababu nilitii.

"Mama, nisamehe," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mwenyewe alitaka mkono."

Kwenye televisheni sauti ya Swalehe, ya miaka ile, ilikuwa inasema, "Haya. Mashine inawaka. Sema." Mikono ikatulia juu ya gitaa, kuku wanasikika. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyewekewa kitu mbele ya mdomo. Halafu akasema: "Wimbo huu ulitungwa na Swalehe. Mimi nilikuwepo tu, nikitazama."

Chini ya turubai Swalehe alikuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo.

"Rudisha," akasema Mama Neema.

"Wapi, mama?"

"Hapo anapokohoa."

Nikarudisha. Mama Neema alikuwa amefumba macho. Kikohozi kikaja, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyesikia mlango wa nje unasukumwa jioni. "Huyo hapo," akasema. "Huyo ndiye. Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha mara ya pili.